Miswaki Ndani ya Bendeji

Waliokuwapo asubuhi ile ni hawa: mimi Abdalla, dresa mdogo, yaani mfunga vidonda, wa hospitali ya jela, ndani ya koti jeupe lililonizidi mabegani, Mzee Kombo, dresa mkuu, aliyenifundisha kazi ya meno ilhali yeye mwenyewe alikuwa amebakiwa na matatu, Sajini Okelo, askari jela kutoka Nyanza, mtu wa kuhesabu kila kitu, hata nzi, mfungwa Mbwana, mpiga zumari wa Kibokoni, ambaye mji mzima ulimwita Mbwana Zumari, na paka wa jikoni, ambaye hakuulizwa neno na hakusema. Daktari Mzungu hakuwapo. Yeye alikuja kesho yake, na ingekuwa heri angechelewa.

Mbwana aliingia chumba cha dawa amebeba kipande cha muhogo wa kuchemsha kiganjani, kwa adabu, kama mtu anayepeleka sahani ya halua kwa wakwe. Juu ya muhogo palikuwa na jino. Limesimama wima, mzizi na yote.

"Sabalkheri, Dresa."

"Sabalkheri."

"Uliniambia nina uchu wa uji. Haya, jino limekuja lenyewe. Mimi nimelisindikiza tu."

Sajini Okelo aliinama akalitazama, akachomoa kalamu sikioni. "Hii ni mali ya nani? Ya mfungwa ama ya Serikali?"

Mzee Kombo alicheka mpaka matatu yake yote yakaonekana. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua jino lile limefikaje kwenye muhogo, na nyinyi mtajua sasa hivi.

Vijana mnaoanza kazi ya meno huko magerezani, nasikia mnacho kiti kinachopanda na kushuka kwa kukanyagwa, na taa inayomulika mpaka kooni. Hongereni. Mimi nilikuwa na sanduku la sabuni na dirisha. Mgonjwa aliketi juu ya sanduku, akaegemeza kichwa tumboni mwangu, nikamgeuza kwenye mwanga. Wingu likipita tulingoja, mimi na yeye na mdomo wake wazi, mpaka jua lirudi. Nilikuwa na makoleo matatu, sufuria ya kuyachemshia, pamba, chumvi, mafuta ya karafuu, na sauti ya Mzee Kombo nyuma ya sikio langu.

Sikuingia kwenye meno kwa kuyapenda. Baba alikuwa hamali wa bandarini. Alikufa, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na mimi, kifungua mimba, nikabaki na wadogo watatu: Rukia, Hamisi na Zuwena. Nilikuwa darasa la nne. Nikafunga daftari, nikaenda kuomba kazi ya kufagia hospitali ya jela, kwa kuwa nilisikia mfagiaji hupewa makombo ya jikoni. Ni kweli, alipewa. Wadogo zangu walikua kwa maharage ya wafungwa, na mpaka leo Rukia akiudhika huniambia kwamba nilimtumikisha kifungo bila kosa.

Miaka ilipita nikifagia. Mzee Kombo akaniona sizimii mbele ya damu, akanipa koleo.

"Jino halivutwi," aliniambia siku ya kwanza. "Anayevuta ni baba yako, Mungu amrehemu, na alivuta magunia. Wewe litikise. Umepata kung'oa kigingi cha mbuzi? Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka kichoke chenyewe. Ukilinyakua kwa nguvu litakatika shingo, mzizi ubaki ndani, na wewe na huyo mgonjwa mtakuwa jamaa mpaka magharibi."

Akanifundisha pia kumtafuta mhalifu. Mgonjwa usimwulize ni jino lipi. Mtu mwenye vidole vyako viwili mdomoni hasemi la maana. Usimwache aonyeshe kwa ulimi. Ulimi hutaja jirani. Chukua mpini wa kijiko, gonga moja moja, polepole. Ukifika kwenye lile lenye maradhi, mwenyewe ataruka. Ukishaling'oa, bana ufizi kwa vidole pande zote mbili, mpe pamba aing'ate, na umkataze kusukutua mpaka kesho. Haya hayajabadilika, hata mkiwa na viti vya kupanda mbinguni.

Sasa nikwambieni nilivyojisifu.

Palikuwa na desturi kwamba mfungwa aliyeng'olewa jino hupumzishwa kuvunja mawe siku ile, na jikoni hupewa bakuli la uji wenye sukari. Hii ilikuwa miaka ya vita. Sukari mjini ilipatikana kwa kupangiwa. Wenye maduka Mtaa wa Biashara, watu na mali zao, walikunywa chai kwa tende. Jela ilikuwa na njia moja tu ya kuionja, nayo ilipita mikononi mwangu.

Mzee Kombo akaenda kwao Vanga kuzika, akaniachia chumba kwa majuma mawili. Wafungwa wakaja. Walipanga foleni mpaka kwenye pipa la maji, kila mmoja ameshika shavu. Nikang'oa. Siku ya nne nilikuwa nang'oa nikiimba. Kila jino nililitia katika kopo la maziwa, na jioni nikilitikisa kopo kabla ya kufunga mlango, ili nisikie linavyolia.

Mzee Kombo aliporudi nikamwekea kopo mezani kama mtoto aliyeleta cheti cha shule. Akavaa miwani. Akamimina. Akayageuza moja moja kwa ncha ya penseli.

"Abdalla."

"Naam, mzee."

"Haya yalikuwa yanaumwa na nini?"

Nikayatazama kwa mara ya kwanza. Yalikuwa meupe. Hayana tundu, hayana doa. Mengine yalikuwa mazuri kuliko yangu.

"Wenyewe walisema yanawauma."

"Mimi ningepewa manne katika haya, ningeoa tena." Akavua miwani. "Wamekuuzia meno kwa bakuli la uji, na wewe ukapokea huku waimba."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ningeliweza kulicheka mpaka leo lau lisingezaa la pili. Tangu siku ile sikumwamini mfungwa yeyote aliyeshika shavu. Nilijiona nimeerevuka. Mjinga aliyedanganywa mara moja ni mtu mbaya sana kumkabidhi dawa.

Ndipo akaja Mbwana.

Mbwana alikuwa amefungwa kwa sababu ya taa. Wakati wa vita kulikuwa na amri ya kuzima taa zote usiku, na yeye alikuwa akiongoza bwana harusi kwa zumari, na mbele yao mtu amebeba karabai inawaka. Askari akaja kuizima. Mbwana, bila kutoa zumari mdomoni, akamsukuma askari akaketi mtaroni. Hakimu akampa miezi tisa. "Wimbo ulikuwa bado haujaisha," ndivyo alivyojitetea.

Alinijia mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Dresa, fizi zangu zatoka damu nikitafuna." Nikamwambia, "Hapa hakuna uji." Mara ya pili akasema, "Sitaki kung'olewa, yakhe. Nataka unitazame tu." Nikaona hiyo ni hila mpya, ya kisasa zaidi. Mara ya tatu akafungua mdomo mwenyewe, harufu ikanifikia, nikageuza uso nikamwambia akasukutue kwa chumvi. Sikumtazama. Dirisha lilikuwapo, jua lilikuwapo, mdomo ulikuwa wazi, nami sikutazama.

Juma lililofuata akaja na muhogo.

Mzee Kombo alimketisha juu ya sanduku, na safari hii tukatazama wote wawili. Fizi zilikuwa zimevimba na kuiva kama zambarau. Ukizigusa kwa pamba, pamba inarudi nyekundu. Kiseyeye. Wali mweupe, maharage, muhogo, miezi mitano bila ndimu wala tunda, na cha kusafishia meno ni kidole na mkaa wa jikoni uliochanganyika na mchanga. Jino lililokwenda na muhogo lilikuwa la chini, pembeni. Lakini manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yakicheza kila alipovuta pumzi.

Kesho yake akaja daktari. Tulimwita Bwana Haraka. Alikuja mara moja kwa mwezi, na hakupata kuketi. Alitazama mdomo wa Mbwana kwa muda wa kutamka bismillahi.

"Yote manne ya mbele, toa," akasema. "Si leo, uvimbe upungue kwanza. Nikija mwezi ujao."

Akaondoka. Mbwana akabaki juu ya sanduku, mikono katikati ya magoti.

"Mzee Kombo, mpiga zumari asiye na meno ya mbele huwa nani?"

"Huwa mpiga ngoma."

"Mimi mikono yangu haina ngoma."

Akatueleza, na nilikuwa sijui. Kile kimanja cha zumari, kile kipande cha jani kikavu cha kupulizia, huingia mdomoni, na midomo hukiegemea. Midomo nayo huegemea meno. Ukiyatoa, midomo inaanguka ndani, upepo unatoka pembeni, na badala ya zumari watu wanasikia mtu anayepoza uji. "Nina mke na mabinti wawili," akasema, "na wote watatu wanakula upepo wangu."

Mzee Kombo alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Tunao mwezi mmoja. Tukiyakaza, Haraka hatang'oa jino lililokaza. Ndimu nitaziomba jikoni niseme ni dawa ya homa. Chumvi tunayo. Tunataka mswaki."

Sajini Okelo alikuwa mlangoni. "Hakuna mti ndani ya jela. Mti ni silaha."

"Urefu wa kidole, Sajini," Mzee Kombo akasema.

"Jicho halina urefu. Hata kitu kifupi kinatoboa."

Na hapo mjue Sajini hakuwa mtu mbaya. Amri ilikuwa imeandikwa: hakuna mti, hakuna waya, hakuna msumari. Yeye aliisoma jinsi ilivyoandikwa, na kama ingeandikwa hakuna ndevu, angenyoa jela nzima.

Basi nikawa mlanguzi. Rukia, wakati huo binti wa miaka kumi na minne, alikuwa akipita Marikiti asubuhi, kwa mama mmoja aliyeuza miswaki mibichi pamoja na mchicha. Alichagua ile inayopinda bila kuvunjika, maana mikavu huchoma fizi. Nyumbani tuliikata kwa urefu wa kidole cha kati, nami nikaiviringisha ndani ya bendeji za kwenda kazini. Getini Sajini alihesabu bendeji. Kumi na mbili zimeingia, anaandika kumi na mbili. Alizihesabu kila siku. Hakuzifungua hata siku moja.

Mbwana akadhani hana la kujifunza. "Nimepiga mswaki kabla hujazaliwa," akaniambia, akaanza kusugua kulia na kushoto kama fundi anayekata mbao.

"Ndiyo maana fizi zimekukimbia," nikamwambia.

Nanyi nisikilizeni, maana hili mtawafundisha watu wazima wenye ndevu na watawacheka. Tafuna ncha mpaka nyuzi zifunguke na ziwe laini. Anza kwenye ufizi, uje kwenye jino: juu ushuke, chini upande. Jino moja, hesabu mpaka kumi, nenda kwa jirani. Ndani pia, kule ambako hakuna anayekutazama. Siku za kwanza damu itatoka, na ni damu hiyo inayowafanya watu waache, wakidhani wanajiumiza. Mwambie asiache. Kila baada ya siku mbili tatu kata ncha iliyochakaa, tafuna mpya. Kisha chumvi ya uvuguvugu, na ndimu ale, asiyasugue meno kwa ndimu, zitayala.

Juma la pili damu ikapungua. Na hapo siri ikatoka, kwa njia ambayo mimi, kwa werevu wangu wote, sikuiwaza. Jirani yake wa mkeka akamwuliza mbele ya chumba kizima:

"Mbwana, mbona siku hizi nalala vizuri?"

"Umezoea kunguni."

"Kunguni ni walewale. Ni wewe. Hunuki."

Wakamkalia kikao. Mtu hawezi kubadilika harufu gerezani bila kueleza. Kesho yake wakanijia saba, kisha tisa, na safari hii hakuna aliyeshika shavu wala aliyetaja uji. Walinifungulia midomo. Nikatazama, mmoja mmoja, dirishani. Karibu wote walikuwa na zambarau ileile, na nilikuwa nimewapita kila asubuhi na sinia langu la kwinini. Rukia akawa ananunua mafungu mawili.

Juma la tatu, asubuhi, Sajini Okelo akainua mikeka.

Nilikuwa nimeingia na sinia wakati ule ule. Akawapanga ukutani, akaweka miswaki sakafuni mstari mmoja, akaihesabu kwa kalamu. Tisa.

"Nani ameleta hii miti?"

Wakatazama miguu yao.

"Mti hauna miguu. Nani?"

Juu ya sinia langu kulikuwa na bendeji nne, na moja ilikuwa bado na mitano ndani. Niliwaona wadogo zangu watatu wamekaa kwenye kizingiti wakiningoja. Niliona na yule mgeni atakayeshika nafasi yangu na kupewa makombo yao. Nilifungua mdomo. Nawaapia niliufungua. Haikutoka sauti. Sajini akageuka, akaanza kuja upande wangu, macho kwenye sinia.

"Yangu, Sajini," Mbwana akasema.

"Yote tisa?"

"Nina meno mengi."

Wafungwa wakacheka, naye Sajini akasahau sinia, akamrudia. "Umetoa wapi?"

"Kazi ya nje, tulipokwenda kukata majani kule mkondoni. Mti umeota wenyewe, hauna hata aibu. Hawa niliwagawia. Hawakujua ni kosa."

Wakampeleka kwa mkubwa wa jela. Alikuwa amesamehewa mwezi mmoja wa kifungo kwa tabia njema, wakamrudishia. Sajini akaandika kitabuni: amekamatwa na miti tisa, amekiri.

Mchana nikampelekea maji ya chumvi. Sikuweza kumtazama.

"Kwa nini?"

"Wadogo zako ni wangapi, Dresa?"

"Watatu."

"Mke wangu anajua kugombana. Mke anayejua kugombana halali njaa Mombasa. Hao watatu wanajua nini?"

"Nitakwenda niseme."

"Ukisema tutafungwa wawili, na miswaki itakosa wa kuileta." Akasukutua, akatema. "Na meno yangu je? Usinifanyie uungwana wa kunitia hasara. Nyamaza. Lete mmoja tu, nitauficha penye akili."

Nikanyamaza. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na hilo ndilo linalonisumbua. Nilipofika nyumbani nilikula, nikalala. Rukia ndiye aliyeuliza, "Huyo Mbwana alikuwa atoke lini?" Nikahesabu kwa vidole. Alikuwa atoke mwanzo wa Shaabani. Na Shaabani, kama mnavyojua, ndiyo mwezi wa harusi, kila mtu akiwahi kabla ya mfungo. Mpiga zumari hulala akiwa amevaa viatu. Mwezi waliomrudishia ulikuwa ni huo hasa. Sasa atatoka Ramadhani, wakati mji mzima hautaki kusikia zumari. Wanawake watatu hawatakula upepo mpaka Idi.

Bwana Haraka akaja. Makoleo yalikuwa yamekwisha kuchemka. Mbwana akaketi juu ya sanduku, akafungua mdomo, nami nikamgeuza kwenye mwanga. Daktari akashika jino la kwanza kwa kidole na gumba, akatikisa. Halikwenda. La pili. Akainama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akavuta kigoda akaketi.

"Huyu siye," akasema. "Mmeniletea mwingine."

Sajini akaitwa. Akasoma namba kwenye shati, akasoma namba kitabuni. "Ndiye, Bwana."

"Dawa gani?"

"Mti, Bwana," Mzee Kombo akasema. "Na ndimu."

Daktari akazigusa fizi zile tena, moja moja, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Kisha akachukua karatasi. Miswaki ya urefu wa kidole iruhusiwe, itolewe asubuhi kwa hesabu, ikusanywe kwa hesabu, ikae chumba cha dawa. Ndimu jikoni mara mbili kwa juma. Sajini Okelo akaipokea amri ile kwa furaha isiyofichika. Alikuwa amepewa kitu kipya cha kuhesabu. Na Mzee Kombo, mjanja, akaongeza la uji: tangu siku ile bakuli la sukari lilikwenda kwa yule mwenye fizi safi siku ya Ijumaa, na si kwa aliyeng'olewa. Hamjapata kuona majambazi wakisugua meno namna ile.

"Nani aliyefikiria jambo hili?" daktari akauliza, akiwa tayari mlangoni.

Mzee Kombo akanitazama. Sajini yupo, kitabu kipo, karatasi wino haujakauka. Lilikuwa tundu pana la kupitisha ukweli, hata ng'ombe angepita. Nikasema, "Mzee Kombo, Bwana."

Mbwana alikuwa bado juu ya sanduku, kichwa chake tumboni mwangu. Hakugeuka. Nikasikia tu akipumua puani.

Baadaye Mzee Kombo mwenyewe akamwuliza Sajini: kama miti si kosa tena, mwezi wa mtu huyu je? Sajini akafikiri kwa dhati. "Siku ile ilikuwa kosa," akajibu. "Amri mpya haiwezi kurudi nyuma kutafuta watu."

Mbwana alitoka Ramadhani pili, asubuhi. Stoo wakampa zumari lake ndani ya kanga aliyolifungia mkewe. Akalifungua palepale getini.

"Usipige hapa," Sajini akasema.

"Sajini, ni Ramadhani. Hata ukiniomba kwa machozi sipigi."

Akaliweka mdomoni bila kupuliza. Akabana midomo, akaweka vidole kwenye matundu, akakaa hivyo kitambo, macho yamefumbwa. Kisha akalitoa, akalifuta.

"Yamekaza," akaniambia.

"Mbwana, nina deni lako. Mwezi mmoja."

"Unalo. Na si mwezi wowote, mwanangu. Shaabani."

Baada ya Idi nikaenda kwake Kibokoni na jogoo mkubwa kwapani. Mkewe akampokea jogoo. Mbwana akamrudisha. Wakavutana, jogoo katikati, na mimi ndiye niliyedonolewa. "Nikimla huyu tutakuwa sawa," Mbwana akasema, "na mimi sitaki tuwe sawa. Nitapata wapi mtu wa kumtania?" Halafu akaacha mzaha, jambo ambalo alilifanya mara chache. "Fanya moja. Mwambie Sajini. Zumari nilipiga, askari nilimsukuma, hayo yameandikwa na ni kweli. La miti si langu. Sipendi kukaa kwenye kitabu cha mtu kwa jambo nisilolifanya."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Zuwena akimaliza shule."

Zuwena akamaliza shule. Kisha Hamisi akapata kazi reli, nami nikaona heri nisimharibie jina. Kisha Rukia akaolewa. Mbwana akaja kupiga bila kuitwa na bila kudai, akatuongoza mtaa hadi mtaa, mashavu yamejaa kama maboga, na alipofika mbele yangu akasimama, akanipulizia sikioni mpaka watu wakacheka. Sajini Okelo alikuwa mgeni wetu, amekaa kwenye jamvi, biriani mbele yake. Mbwana akamwelekezea ncha ya zumari, akaninyanyulia nyusi mbili. Nikainuka. Nikaenda mpaka kwa Sajini. Nikammiminia sharubati.

Kila tulipokutana mjini, Mbwana aliniita "Mdeni wangu!" kwa sauti ya kusikika mitaa miwili, na watu wakadhani ni pesa. Alipiga zumari mpaka mvi zikamjaa. Alipokufa nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na njiani kwenda makaburini nilijikuta natega sikio, nikingoja anitukane.

Sajini alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Nikajiambia kwamba naye atakuwa amekufa. Umri wake unafika. Jambo lile likanipoa moyoni, na nikaishi nalo vizuri, kama mtu anavyoishi na jino bovu lililoacha kuuma, ambalo nyinyi mnajua na mimi najua kwamba linaendelea kuoza chini kwa chini.

Juma lililopita kijana mmoja askari jela kutoka Nyanza alikuja kuniuliza habari za kazi ya zamani. Katika mazungumzo nikamtajia Sajini Okelo.

"Mzee Okelo? Tunatoka naye kijiji kimoja."

"Alikufa lini?"

"Hajafa, mzee. Yupo."

"Bila shaka haoni tena."

"Anaona."

"Hasikii."

"Anasikia vizuri kuliko mimi."

Nikamwuliza njia. Unapanda treni mpaka Kisumu, akasema, kisha basi, kisha mwendo wa nusu saa kwa miguu, wote wanamjua. Aliniandikia jina la kijiji kwenye kipande cha karatasi, akanipa. Tiketi bado sijakata.